Uzito wa Daraja Lenyewe

Kijana aingiaye chuo kikuu kusomea ujenzi wa madaraja hudhani ya kuwa kazi yake itakuwa kuhesabu mizigo ipitayo juu: magari, garimoshi na watu. Mwalimu mwema humrudisha nyuma kwanza, akamwuliza: Je, daraja lenyewe lina uzito gani? Maana daraja kubwa hapana budi lijibebe lenyewe kabla ya kumbeba mtu yeyote, na mara nyingi mzigo huo ndio uzidio mingine yote.

Ili somo hili liingie moyoni, walimu wengi husimulia habari za daraja la Quebec, katika nchi ya Kanada, lililokusudiwa kuvuka mto St. Lawrence. Mwanzoni nafasi kubwa ya katikati, baina ya nguzo na nguzo, ilipangwa kuwa futi 1,600. Mwaka 1900 ikaongezwa kuwa futi 1,800. Urefu ukizidi, chuma huzidi, na uzito huzidi pia. Lakini hesabu ya uzito haikufanywa upya kwa wakati wake. Kosa lilipogunduliwa, kazi ilikuwa imekwenda mbali. Naye Theodore Cooper, mhandisi mshauri aliyekaa New York, akaona kwamba chuma kitastahimili.

Agosti 1907 watu wa kazini waliona vyuma vya chini vinapinda. Wengine wakasema vilipinda tangu kiwandani. Barua zikaenda na kurudi, na kazi ikaendelea. Tarehe 29, mhandisi kijana, Norman McLure, alifika New York kumweleza Cooper mambo aliyoyaona. Cooper akapeleka simu ya maandishi kwa kampuni ya ujenzi huko Pennsylvania, kwamba mzigo usiongezwe. Onyo hilo halikufika darajani kwa wakati. Jioni ile ile daraja likaanguka, na katika watu 86 waliokuwa juu yake, 75 wakafa. Kijiji kimoja tu cha Wamohawk, Kahnawake, kilipoteza watu zaidi ya 30.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa Quebec ulijengwa kwa gharama kubwa: mwaka 1916 kipande cha katikati cha daraja jipya kilianguka, kikaua watu 13, na kazi ikaisha mwaka 1917.

Tangu mwaka 1925 wahandisi wa Kanada, wamalizapo masomo, hula kiapo na kuvaa pete katika kidole cha mwisho cha mkono wa kazi. Watu husema pete za kwanza zilifuliwa kwa chuma cha daraja lililoanguka, lakini hiyo ni hadithi tu. Lililo kweli ni kwamba pete hiyo hugusa karatasi kila mwenyewe achorapo, ikimkumbusha mambo mawili: ramani ikibadilika, hesabu ifanywe upya, na chuma kikipinda, kazi isimame kwanza, barua ziandikwe baadaye.