Sanduku la Mzee na Ufunguo Wake

Kila Januari stendi ya Korogwe hujaa matranka. Mtoto anakwenda kuanza kidato cha kwanza bweni na nyumba nzima imehangaika: godoro, ndoo, shuka mbili, kufuli, na jina lake limepigwa rangi juu ya bati kwa herufi kubwa ili lisomeke hata likiwa kwenye keria ya basi. Shule imetoa orodha, mzazi ameitimiza, na matroni ataikagua kitu kimoja kimoja. Hakuna anayeuliza kwa nini mtoto wa miaka kumi na minne alindiwe ndoo yake hivyo.

Sasa mtazame bibi wa miaka themanini anayepelekwa makazi ya wazee. Anashushwa garini na mfuko wa salfeti uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mna khanga pea mbili, gauni la kutokea, bakuli lake la chai, picha ya marehemu mumewe ndani ya bahasha, na karatasi za kiwanja zilizokunjwa mara nne. Anapokelewa kwa heshima, anaoneshwa kitanda, mfuko unasukumwa uvunguni. Orodha hakuna, kufuli hakuna, jina halijaandikwa popote. Miezi sita baadaye muulize vitu vyake viko wapi. Atakuonesha viwili vitatu, na kwa vingine atanyamaza, kwa sababu mtu anayelishwa na wenzake huona haya kulalamika.

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, ombi langu ni kwamba mzee anayeingia makazi apewe kile tunachompa mtoto wa bweni: sanduku lenye kufuli, jina lake juu yake, na orodha iliyoandikwa siku ya kwanza mbele ya macho yake.

Najua wengi wetu tunazeekea nyumbani, kati ya watoto na wajukuu, na Mungu atuzidishie hilo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo iliiweka familia mbele katika kuwatunza. Lakini ukanda wetu una historia yake. Mkonge ulileta watu. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, iliyowasafirisha manamba kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya mipaka. Walifika Ngombezi, Mazinde, Magoma na Hale wakiwa vijana, wakakata mkonge, na wako ambao hawakurudi kwao tena. Wengine walioa hapa, wengine hawakuoa kabisa, na ndugu wa kwao wakapotea kwenye kumbukumbu. Mtu wa namna hiyo akifika uzeeni bila mtoto, mlango unaobaki ni makazi ya serikali kama Mwanzange jijini Tanga au Misufini kule Muheza, au nyumba inayoendeshwa na taasisi ya dini.

Tena suala hili haliishii kwa wazee. Lutindi, juu milimani wilayani Korogwe, ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwamkono, Handeni, kuna hosteli ya watoto wenye ulemavu. Popote mtu anapoishi chini ya uangalizi wa wengine, vitu vyake vichache ndivyo vinavyomwambia yeye bado ni nani.

Tusividharau kwa sababu ya bei. Mzee aliyekata mkonge anaweza kuwa bado na kipande chake, ile kadi yenye vyumba thelathini ambamo kila siku ya kazi ilitiwa alama. Dukani haina thamani. Kwake ni ushahidi kwamba alifanya kazi, na mfagiaji asiyeijua ataichukua kuwa karatasi chafu. Bibi naye anaijua khanga yake kwa jina lililoandikwa juu yake. Ukimrudishia nyingine ya rangi ileile kutoka kwenye kamba ya kuanikia, hujamrudishia yake, kwa kuwa ile aliletewa na mwanawe na jina lake lilikuwa ujumbe baina yao. Na mzee wa Kimaasai kutoka Msomera, ukimhamishia fimbo yake kwenye kona ya stoo ili chumba kionekane nadhifu, umemwacha mikono mitupu mbele za watu.

Lipo jingine linalotaka busara zaidi: vifundo vya dawa. Wazee wengi wa Kizigua na Kisambaa huingia na mizizi au magome yaliyofungwa kwenye kitambaa, na wengine wana hirizi. Muuguzi ana haki ya kujua mzee anakunywa nini, maana dawa ya shinikizo la damu na mchanganyiko usiojulikana vinaweza kumdhuru. Lakini haki ya kujua si haki ya kutupa. Aulizwe, aelezwe, kifundo kiandikwe kwenye orodha kama vitu vingine, na kama hakifai kutumika kifungiwe kwenye sanduku lake. Chozi la mzee aliyetupiwa dawa za babu yake hulioni, ila kesho yake atakataa na vidonge.

Orodha yenyewe si kazi ngumu. Daftari la kaunta moja linatosha. Ukurasa mmoja kwa mtu mmoja: sanduku la bati la bluu, kufuli moja, funguo mbili, khanga pea mbili, majina yake, gauni moja, miwani ya kusomea, mkono wa kulia umefungwa waya, redio ndogo, inafanya kazi, kitambulisho cha NIDA, bahasha ya karatasi za kiwanja, fedha taslimu kiasi kadhaa. Chini mzee aweke sahihi au dole gumba, mhudumu asaini, na shahidi wa tatu asiye mfanyakazi wa pale asaini pia. Shahidi huyo anaweza kuwa ndugu aliyemleta, afisa ustawi wa jamii au mjumbe wa baraza la wazee. Kila kitu kinachoongezeka au kupungua kiandikwe na tarehe yake.

Nguo zitiwe alama kabla ya kwenda kwenye beseni, si baada ya kupotea. Maka peni ya wino usiofutika inasaidia, lakini uzi wa rangi unaoshonwa pindoni ni bora zaidi kwa mzee asiyejua kusoma: Bi fulani uzi mwekundu, mwenzake wa kitanda cha pili uzi wa kijani. Miwani na meno ya bandia viandikwe jina vilevile. Mzee aliyevalishwa miwani ya mwenzake ataambiwa macho yamezidi kuharibika, kumbe kioo si chake.

Wahudumu wasiuone wito huu kama tuhuma. Wengi wao wana moyo mkubwa kuliko mshahara wao. Lakini uzee huja na usahaulifu, na mzee aliyeficha fedha zake ndani ya mto atasema kwa uhakika kwamba ameibiwa. Bila daftari, mhudumu wa zamu hana cha kujitetea nacho, na jina lake linaharibika mtaani kwa kosa ambalo halikutendeka. Daftari linamlinda yeye kama linavyomlinda mzee.

Fedha za simu ndizo zinazonitia hofu kubwa siku hizi. Mtoto aliye Dar es Salaam anatuma elfu ishirini, anapata ujumbe kwamba zimefika, anaridhika. Zimefika kwenye laini. Mkononi mwa mzee ni habari nyingine. Mzee asiyeona vizuri humtajia namba ya siri yeyote aliye karibu. Na kwa kuwa laini husajiliwa kwa alama za vidole, mzee ambaye vidole vimesuguliwa na jembe na mkonge hadi mashine haivisomi huishia kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Basi wewe unayetuma, piga simu uzungumze na mzee mwenyewe. Muulize amepokea kiasi gani na nani alikwenda kwa wakala. Anayemtolea fedha awe na shahidi, ujumbe wa muamala usifutwe, na mzee ahesabiwe fedha mkononi, kisha ziandikwe kwenye ukurasa wake.

Halafu kuna siku ya mwisho. Mkazi akifariki, vitu vyake visigawiwe kabla hata tanga halijaanuliwa, hata kama nia ni kumfaidia mwenzake asiye na shuka. Lifungueni sanduku mbele ya mashahidi, lilinganishwe na orodha, vikabidhiwe kwa sahihi. Penye kiwanja au fedha, warithi waende mahakamani kufungua mirathi. Asiye na ndugu anayejulikana, taarifa ifikishwe kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambako yupo Kabidhi Wasii Mkuu. Na kabla ya yote hayo, mzee mwenye akili timamu aulizwe mapema, kwa upole na bila kuharakishwa, angependa nini kiende kwa nani. RITA huandaa na kuhifadhi wosia. Si kumtakia kifo. Ni kumpa neno la mwisho juu ya mali yake.

Sasa nawageukia wenye desturi njema ya kwenda kuwatazama wazee, vikundi vya akina mama, kwaya, misikiti, wanafunzi. Mnapeleka sabuni, sukari na unga, na vinapokelewa kwa shukrani. Safari hii, kabla ya Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, ulizeni kwanza makazi yana wakazi wangapi wasio na sanduku. Kisha nendeni kwa mafundi bati wa Korogwe mjini au wa Chanika, Handeni, wale wale wanaowatengenezea watoto wetu matranka. Wekeni oda. Ongezeni kufuli, daftari la kaunta, maka peni na vibunda vya uzi wa rangi. Kikundi cha watu kumi kikichanga kidogo kidogo kinaweza kumaliza chumba kizima. Na maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri zetu nne, za miji na za wilaya, mkifika ukaguzi ombeni kuliona daftari hilo kama mnavyoomba kuliona jiko.

Siku ya kukabidhi, msiyapange masanduku ukumbini kwa ajili ya picha. Mpelekeeni kila mzee lake kitandani, mwamkieni, msaidieni kupanga vitu vyake, andikeni orodha pamoja naye. Ufunguo mmoja ubaki ofisini kwa dharura, na wa pili mkabidhini mwenyewe mkononi.