TUNDU LA WAYA WA SOLA LISIKATWE MISHAHARANI



Kuanzia Tororo, kupitia Mulanda, mpaka Busia, paneli za sola zimejaa juu ya mabati yetu. Tunazipokea kwa furaha, maana mafuta ya taa yametumalizia mifuko na vifua. Lakini waya lazima ushuke ndani. Hapo ndipo fundi wa bei rahisi anaposhika msumari na nyundo, anatoboa bati, anapitisha waya na kwenda zake. Mvua za masika zikianza mwezi Machi, maji yanafuata waya mpaka kwenye godoro. Katika kota, mwenye nyumba ni mwajiri, naye haulizi mengi: analeta bili ya paa na kukata mshahara.

Sisi tunapinga makato hayo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara apendavyo. Upande wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ifaayo au fedha za kodi ya kutosha. Nyumba ya kulala gizani tunaiitaje ifaayo? Aliyejenga kota bila umeme asishangae kuona waya darini.

Hata hivyo kazi mbovu tusiitetee. Njia iliyo bora ni kutotoboa bati kabisa. Waya upite chini ya upenu na kuingia ukutani, na kabla ya kuingia uning'inie kidogo kama tumbo, ili maji yadondokee nje. Ikibidi kutoboa, tundu liwe juu ya mgongo wa bati, kamwe lisiwe kwenye mfereji ambamo maji hupita. Ukingo wa tundu uvishwe mpira, na nafasi izibwe kwa gundi ya silikoni. Bati hutanuka kwa jua na kunywea usiku, na ukingo wake mkali hula ngozi ya waya polepole. Wenye magari ya biashara wanaofunga paneli juu ya bodi wasikie pia, kwani gari hutikisika kuliko nyumba.

Waya ukichunika ukagusa bati, hatari kubwa hutoka kwenye betri. Paneli ya wati 100 hutoa ampea 6 hivi jua likiwa kali. Betri ya volti 12, ijapokuwa ni ndogo, inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja, waya ukawa mwekundu na dari kushika moto. Kwa hiyo fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Wako mafundi wanaoiruka ili kupunguza bei. Hao tusiwalipe.

Na kama paa ni la asbesto, mtu asitoboe hata tundu moja. Vumbi lake huleta kansa ya mapafu, na ugonjwa huweza kuchelewa miaka mingi kabla haujaonekana.

Tunadai kila kampani yenye kota iweke njia ya waya katika kila nyumba na kulipa fundi aliyesomea kazi. Kenya ilikwisha weka kanuni za leseni kwa mafundi wa sola tangu mwaka 2012. Wajumbe wa matawi walipeleke dai hili kwenye meza ya mazungumzo kabla ya Machi, na kila aliyekatwa fedha kwa ajili ya paa alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi.