Simu ya Mama Isikatike



Wasomaji wetu watukufu, na hasa akina mama ambao ndio wenye ukurasa huu, juma hili tunaingia katika jambo ambalo kwa miaka mingi tumelipita mbali. Hatulitaji mimbarini ila kwa ukali, na majumbani halitajwi kabisa. Tumeamua kulisema kwa sababu tumeulizwa, na aliyeulizwa jambla dini hana ruhusa ya kunyamaza kwa kuona haya.

Siku chache zilizopita tulikuwa Oldonyiro, katika Kaunti ya Isiolo. Ukitoka Isiolo mjini unashika njia ya vumbi na changarawe, unapita Kipsing, hadi unafika penye kituo hicho kinachojulikana kwa mnada wake wa mifugo. Hapo Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Waborana hukutana kwa mbuzi, ng'ombe na ngamia. Waislamu wako, na ukarimu wao umetufanya tuone haya kwa uchache wa zawadi tulizobeba kutoka pwani.

Baada ya darsa ya alasiri, mama mmoja alibaki nyuma. Tumebadilisha baadhi ya mambo yake ili asijulikane, kwani siri ya mtu ni amana. Alisubiri watu watawanyike, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Sheikh, nina mwanangu yuko mjini. Nilimsomesha kwa mbuzi hawa unaowaona. Mwaka jana aliniambia kwamba moyo wake hauko kwa wanawake. Tangu siku hiyo nampigia kila Ijumaa, namkumbusha moto na kaburi. Sasa hashiki simu. Kaka zangu wananiambia nimlaani, nimwondolee radhi, nihesabu amekufa. Nami nimekuja kukuuliza: nimkate?"

Hatukumjibu papo hapo. Tulimwomba atupe hadi baada ya Isha.

Katika kungoja huko yalitujia mambo mawili tuliyowahi kuyasoma. La kwanza ni la nchini mwetu. Marehemu Binyavanga Wainaina, mwandishi mzaliwa wa Nakuru aliyepata Tuzo ya Caine mwaka 2002, alitoa maandiko Januari 2014 akimwambia mama yake kwamba yeye ni mtu wa namna hiyo. Wengi walishughulika na tangazo lenyewe, wengine kwa kushangilia na wengine kwa kulaani. Wachache walitazama kwamba mama aliyekuwa akiambiwa alikwisha fariki tangu mwaka 2000. Mwana alikuwa akisema na mtu asiyeweza kumjibu, akijengea fikirani maneno ambayo hakuyasema mama alipokuwa hai. Mwandishi huyo naye alifariki Mei 2019. Sisi hatukubaliani na mengi aliyoyatetea. Lakini mzazi yeyote akiyatafakari maandiko yale atajiuliza: je, wangu naye anangoja nife ndipo aseme nami?

La pili ni la mbali. Nchini Marekani kuna mchezo wa kuigiza wa nyimbo uitwao A Strange Loop, uliotungwa na Michael R. Jackson. Ulipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2020, na mwaka 2022 ukapata Tuzo ya Tony ya mchezo bora wa nyimbo. Ndani yake mna kijana mweusi aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo yenye dini nyingi, na mna wimbo ambao ni ujumbe wa simu kutoka kwa mama yake siku ya kuzaliwa kwake. Mama anampenda, na anasema hivyo. Lakini kila pendo analolitaja hulifuatisha onyo la dhambi, mpaka salamu ya siku ya furaha inageuka hotuba. Hatuwasimulii haya ili mwende mkautazame mchezo huo, kwani una mengi yasiyofaa nyumbani mwetu. Tunawasimulia kwa sababu mama yule wa Marekani na mama huyu wa Oldonyiro wanapiga simu moja. Wote wawili wana mapenzi ya kweli, na wote wawili watoto wao wamechoka kusikiliza.

Kuhusu hukumu ya tendo lenyewe, hatuna jipya la kusema. Mafundisho ya dini yetu yanajulikana, wanazuoni wameafikiana juu yake, na hatukupewa mamlaka ya kuyabadilisha ili tupendeze watu. Lakini mama yule hakutuuliza hukumu, maana anaijua. Alichouliza ni namna ya kuwa mama baada ya hukumu, na hapo ndipo tunapokosea wengi wetu.

Tulimwambia kwanza habari za Nabii Nuh, alayhis salaam. Qur'ani katika Surat Hud inatusimulia kwamba mwanawe alimkataa mbele ya macho yake, tena si kwa dhambi tu bali kwa kukufuru. Maji yalikuwa yamekwisha panda. Mzee yule, juu ya jahazi, alimwita kwa lile neno la Kiarabu ambalo mzazi humwitia mtoto mdogo anayempenda. Alimsihi apande. Aliendelea kusihi mpaka wimbi likaingia kati yao. Basi wimbi ndilo lililowatenga, na Nuh hakuvuta ngazi.

Atasimama msomaji aseme: si Mwenyezi Mungu alimwambia Nuh baadaye kwamba yule si katika watu wake? Ndiyo, alimwambia. Lakini neno hilo lilitoka kwa Mola, nalo lilikuja baada ya jambo kwisha. Halikutoka kinywani mwa baba wakati mwana yungali anapumua. Sisi hatuteremshiwi wahyi kutujulisha mwisho wa mtoto wa mtu. Maadamu roho haijafika kooni, mlango wa Mola uko wazi. Vipi basi mlango wa mama ufungwe kabla yake?

Tukamkumbusha pia Bi Asma binti Abubakar, radhi za Allah ziwe juu yake. Mama yake alimjia akiwa bado mshirikina, naye akamuuliza Mtume (SAW) kama amuunge, akaamrishwa amuunge mama yake. Ikiwa udugu wa damu haukatwi kwa ushirikina, ambao ni kubwa la madhambi yote, tutapata wapi hoja ya kuukata kwa lililo chini yake? Kumwendea mtu kwa wema si kuridhia kila alitendalo. Ingekuwa hivyo, hapana hata mmoja wetu ambaye angesalimiwa na mwenziwe.

Kisha tukamwambia lililokuwa gumu kwake. "Mama, kila Ijumaa unampigia kumwonya. Je, umewahi kumpigia kumuuliza amekula nini?" Alinyamaza. Mtume wetu (SAW) alikuwa akiwapa masahaba zake mawaidha kwa kuyaachia nafasi, akichelea wasichoke. Hao ni masahaba, waliokuwa na kiu ya kila neno lake! Kijana anayejua tangu utotoni yaliyomo katika kitabu hahitaji kukumbushwa kila juma na mama yake. Onyo amekwisha lisikia. Asichokuwa na hakika nacho ni kama bado ana kwao.

Mambo mengine matatu tunayasema kwa nyumba zote zinazosoma ukurasa huu.

Kwanza, msiwalaani watoto wenu. Dua ya mzazi ni nzito, nasi tumekatazwa kujiapiza na kuwaapiza watoto wetu. Anayempenda mwanawe amwombee kheri usiku, wakati ambapo hakuna wa kumsikia ila Mola wake.

Pili, msiwaoze kwa kuficha aibu. Tumeona nyumba ambamo kijana alilazimishwa kuoa ili majirani wanyamaze. Binti wa watu akaletwa bila kuambiwa neno, akakaa miaka akidhani ubovu uko kwake, analia ndani na kutabasamu harusini kwa wenzake. Hiyo ni dhulma, na aliyedhulumiwa hana kosa lolote. Enyi akina mama, yule mkwe naye ana mama.

Tatu, msipeleleze wala msitangaze. Surat An-Nur imeweka sharti la mashahidi wanne kwa anayetuhumu wanawake wenye heshima zao kwa zina, na Surat Al-Hujurat imekataza dhana, upelelezi na kusengenya. Sheria ya nchi yetu nayo ina vifungu vyake, ambavyo Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta mwezi Mei 2019, lakini kesi ni ya mahakama. Si ya baraza la vijana wenye mawe.

Hapa tuna la kukiri. Mwezi Februari 2010, kule Mtwapa, ulivuma uvumi kwamba kuna ndoa ya wanaume wawili. Makundi ya watu yaliingia mitaani, wanaume waliodhaniwa hivi na vile wakapigwa, na kituo kimoja cha afya kikavamiwa. Palikuwa na viongozi wa dini, wa kwetu na wa Kikristo, waliokuwa wamewachochea watu kabla ya siku hiyo. Sisi hatukurusha jiwe wala hatukutoa hotuba ile. Lakini tulisikia, tukanyamaza. Tulijiambia kwamba mwenye kuwatetea wale atadhaniwa ni mmoja wao. Kati ya waliopigwa kila mmoja alikuwa na mama, na huenda baadhi yao walitusikiliza Ijumaa ile tukihutubia juu ya jambo jingine lisilo na hatari. Tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa kimya kile, na makala haya ni sehemu ya toba yetu.

Asubuhi yake, kabla hatujaondoka Oldonyiro, mama yule alikuja kutuaga. Alisema amempigia mwanawe baada ya Alfajiri. Kama kawaida, simu haikushikwa. Safari hii akamwachia ujumbe wa sauti. Alimwambia yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, kwamba goti lake linamsumbua kidogo, na kwamba anamwombea. Kisha akakata.

"Sikumtaja moto," alitwambia. "Nimefanya vibaya, Sheikh?"

Tukamwambia hapana, hakufanya vibaya. Hatukumwahidi kwamba mwanawe atarudi, wala kwamba atabadilika. Hayo ni ya Mola. Tulimwambia apige tena Ijumaa ijayo, na ile ifuatayo, akichukua habari za mbuzi, za mvua na za jirani. Akiulizwa kuhusu dini aseme aijuayo, asipunguze wala asiongeze, na asipoulizwa asianze yeye.

Ewe Mola, uwahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, uwaongoze wao na utuongoze sisi kabla yao, na usitujaalie kuwa sababu ya mja wako kukikimbia Kibla. Amin.

Wallahu aalam.