Kipaji cha mtoto kisimnyime usingizi

Judy Garland alizaliwa mwaka 1922 Grand Rapids, mji mdogo wa jimbo la Minnesota, Marekani, ambako wazazi wake waliendesha ukumbi wa sinema. Kabla hajatimiza miaka mitatu alishapanda jukwaani kuimba na dada zake. Akiwa na miaka 13 aliingia mkataba na kampuni ya filamu ya MGM. Baadaye alisimulia kwamba huko walipewa vidonge vya kuwaweka macho wafanye kazi, kisha vingine vya kuwalaza. Mwaka 1969 alifariki London baada ya kuzidisha dawa za usingizi bila kukusudia. Alikuwa na miaka 47.

Mzazi, mwanao akiwa na kipaji, mpe nafasi. Ila mazoezi yakianza kumnyima usingizi, wa kusema "basi" ni wewe, si yeye.