Neno la Mhariri: Fumbo na Zama Zake

Ashikaye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi, Mlima Meru ukiwa upande wake wa kushoto, atakuta katika mwendo mfupi vyuo viwili vya Kikristo: Makumira, ambako Walutheri wamefundisha teolojia tangu mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Arusha, pale Usa River, kilicho cha Waadventista Wasabato, nao majirani hawa hurithi taawili mbili zisizopatana za aya moja, Danieli 8:14.

Aya hiyo yataja jioni na asubuhi 2,300. Waadventista, kwa kanuni ya siku moja kuwa mwaka mmoja, ambayo ushahidi wake huutoa katika Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, huanza kuhesabu mwaka 457 kabla ya Kristo wakatua mwaka 1844, waonapo mwanzo wa hukumu mbinguni. Ama wataalamu wa njia ya kihistoria, iliyoenea katika elimu ya Kilutheri, wengi wao huigawa hesabu ile mara mbili, zikawa siku 1,150, wakaiona humo dhiki ya Wayahudi chini ya mfalme Antioko Epifane, aliyelinajisi hekalu la Yerusalemu mwaka 167 kabla ya Kristo.

Sisi twaelemea upande huu wa pili, wala hatufichi. Kwa kuwa katika sura iyo hiyo malaika Gabrieli ambainishia Danieli kwamba beberu aliyemwona katika njozi ni mfalme wa Uyunani, na fumbo lililofumbuliwa na maandiko yenyewe halina haja ya ufunguo wa kuazima. Lakini Mlutheri asijitape: Luther mwenyewe alikidunisha Kitabu cha Ufunuo katika dibaji yake ya 1522, kisha mwaka 1530 akaandika nyingine, akikisoma kama tarikhi ya Kanisa, na upapa ukapata sehemu yake humo.

Insafu yatulazimu kuongeza kwamba Mwadventista ana kanuni, na mwenye kanuni hujadilika. Asiyejadilika ni yule mhubiri wa kipaza sauti ambaye 666 kwake jana ilikuwa kitambulisho, leo ni chanjo, na kesho Mungu ajua.

Basi twakuomba, msomaji, kabla hujafungua makala za toleo hili, uisome Danieli sura ya 8 yote, tangu kondoo dume hata mwisho, ndipo uipime taawili ya kila mwandishi, na hii yetu pia.