Antena Haifichwi Tumboni mwa Mashua

Nataka kusema machache juu ya jambo lililozua mabishano muhula huu, yaani mashua ndogo ya Chama cha Sayansi. Wako wasemao kwamba kazi hiyo ikomeshwe. Mimi nasema isikomeshwe, bali antena ifungwe kama ipasavyo. Nasema hivyo kwa kuwa mwenye kosa ni mimi.

Wasomaji wapenzi, mashua ile tuliichonga kwa mti wa mwembe. Mwenzetu mmoja alitaka mpingo, maana Wamakonde twasifika duniani kwa kuuchonga. Lakini gogo la mpingo likitupwa majini huzama kama jiwe. Mota, betri na kipokezi vilinunuliwa kwa michango ya wazazi, nayo ni fedha ya korosho. Mimi nikapewa kazi ya kufunga antena. Niliona nyaya mbili zikichomoza juu zitaharibu uzuri wa chombo. Basi nikazikunja, nikazilaza chini kabisa kando ya betri, nikafunika. Kila aliyeiona mashua aliisifu.

Siku ya majaribio tuliteremka bondeni bwawani. Karibu na ukingo mashua ilitii vizuri. Ilipokwenda mbali kidogo ikaacha kusikia. Ikajiendea mpaka ndani ya matete, ikalala ubavu, maji yakaingia. Tulipoivuta kwa mti mrefu kipokezi kilikuwa kimekwisha kufa.

Mama yangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huko darasani hamkufundishwa?" Swali hilo lilinichoma, kwa sababu tulifundishwa, na katika jaribio hesabu hiyo niliipata.

Hesabu yenyewe ni hii. Mawimbi ya redio huenda meta 300,000,000 kwa sekunde. Ukigawanya kwa idadi ya mitetemo ya kila sekunde, wapata urefu wa wimbi. Vyombo vya zamani vya megahezi 27 vilikuwa na wimbi la meta 11 hivi, ndiyo maana vilikuwa na waya mrefu. Chombo chetu kilikuwa cha gigahezi 2.4, ambacho wimbi lake ni sentimeta 12.5 tu. Robo yake ni milimita 31, na ncha hiyo fupi iliyo wazi ndiyo ipokeayo. Sehemu nyingine ya waya ni njia tu. Mawimbi mafupi namna hii humezwa na maji upesi, tena betri na vyuma huyazuia. Mimi niliiweka ncha chini ya usawa wa maji, nyuma ya betri. Ni kama kumziba mtu masikio kisha kumlaumu kwamba haitiki.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila hesabu. Babu yangu wa Masasi husimulia kwamba alipokuwa kijana, baada ya 1965, alitaka kuisikiliza Redio Tanzania. Waya ukilala sakafuni, husikia mikwaruzo tu. Akiufunga juu ya mwanzi mrefu, sauti huja. Na mwaka 1898 Nikola Tesla alipoonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyoongozwa kwa mawimbi bila waya, hakuficha antena yake; ilisimama juu mbele ya macho ya watu wote.

Sasa niwajibu wapinzani. Wa kwanza wasema, sisi wa Newala tuko juu ya uwanda usio na mito, maji tumeyahangaikia tangu zamani, mashua za nini? Ni kweli. Lakini anayejua kwa nini antena ya mashua huinuliwa ajua pia kwa nini minara ya simu hujengwa penye miinuko. Elimu hiyo ni ya nchi kavu vilevile. Wa pili wasema fedha ya wazazi imepotea. Hili ni zito, wala silikatai. Lakini tukiacha sasa, imepotea kweli. Tukitengeneza upya na kufaulu, itakuwa ada ya somo.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, ncha za antena zipandishwe juu ya sitaha ndani ya kijiti cha plastiki, mbali na mota na betri. Pili, ncha hizo mbili ziwekwe kama herufi L, ili mashua ikigeuka, moja ikose, nyingine ipate. Tatu, waya usikatwe wala kukunjwa. Nne, kabla ya kutia chombo majini, mmoja akishike uwanjani, mwingine arudi nyuma hatua mia akijaribu usukani. Jaribio hilo halina gharama, nami nililipuuza. Tena mtu yeyote asithubutu kwenda kujaribia Ruvuma, maana mamba wa kule hawajui sayansi.

Walimu wetu na wazazi wetu, twaomba mtuvumilie mara moja tena. Mimi nimeanza kuchonga mashua ya pili kwa mikono yangu, na mwaka huu sehemu yangu ya korosho nitaitoa kwa ajili ya kipokezi. Safari hii antena itaonekana, hata wakiicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la kitabu, nikazamisha mali ya watu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne