Programu za Kompyuta ni Kazi ya Kikosi

Askari yeyote aliyepata kupangiwa zamu ufukoni mwa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, ameona jinsi vyombo vya chisense vinavyorejea Kafutuma kunapopambazuka. Chisense ni dagaa wa ziwa hilo, nao huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Ndani ya chombo yuko mwenye kuitunza taa, yuko mwenye wavu, yuko mwenye kafi. Mwenye taa akisinzia samaki hutawanyika, na hapo ubora wa wavu haumfai mtu kitu. Tumeanza na wavuvi hawa kwa sababu jambo tunalotaka kulichambua leo, yaani namna vyuo vinavyowafundisha vijana uhandisi wa programu za kompyuta, lafanana sana na kazi yao. Walakini mara nyingi mno hufundishwa kana kwamba kila mvuvi ana ziwa lake peke yake.

Huenda msomaji wetu wa kambini au wa kituo cha polisi akauliza: mambo ya programu yatuhusu nini sisi? Tumjibu kwa kisa cha askari. Usiku wa tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora la Scud kutoka Iraki liliangukia bweni la jeshi la Marekani mjini Dhahran, Saudi Arabia, likawaua askari 28. Mtambo wa Patriot uliowekwa kuwalinda ulikuwa mzima, umewashwa, na watu wake walikuwa macho. Haukurusha hata kombora moja.

Sababu yake ni ndogo hata yatia uchungu kuieleza. Saa ya mtambo ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kwa ukamilifu katika desimali zetu. Kila mara hukatwa kipande kidogo. Mtambo ule ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 mfululizo, na vipande hivyo vilikwisha kujumlika vikawa kiasi cha theluthi ya sekunde. Kwa muda huo Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Basi mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu.

Lakini hesabu siyo iliyotufanya tukilete kisa hiki. Waisraeli walikuwa wamekwisha kuripoti hitilafu hiyo wiki mbili kabla. Waandishi wa programu walikuwa wakiishughulikia. Siku chache kabla ya msiba, vikosi vilipelekewa taarifa ya kuonya kwamba mtambo ukiwashwa kwa muda mrefu sana huweza kupotoka. Taarifa haikusema muda mrefu ni saa ngapi. Aliyeiandika alidhani kwamba hapana kikosi kitakachouacha mtambo ukiwaka kutwa kucha kwa siku kadhaa, na aliyeipokea hakuwa na njia ya kujua kwamba saa 100 ni nyingi. Tena, njia bora zaidi ya kuhesabu wakati ilikwisha kuingizwa katika sehemu fulani za programu, na katika sehemu nyingine ikasahauliwa. Programu iliyosahihishwa ilifika Dhahran tarehe 26 Februari, yaani siku moja baadaye.

Hapo hapana mjinga hata mmoja. Wapo wataalamu wengi, kila mmoja akiijua sehemu yake, wasioambizana kwa ukamilifu. Ndiyo maana twasema kwamba mwanafunzi aliyefaulu mitihani yote ya hesabu na ya lugha za kompyuta, lakini hakupata kamwe kuandika programu pamoja na wenzake, hajafundishwa nusu ya kazi yake.

Wala si wazo jipya. Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano ulioitishwa na kamati ya sayansi ya NATO, na hapo ndipo jina la uhandisi wa programu lilipopata umaarufu. Kilichowakusanya ni kuona programu kubwa zikichelewa, zikizidi gharama, na zikifika na makosa. Mwaka 1975 Fred Brooks, aliyeongoza uandishi wa programu za kompyuta za IBM System/360, alitoa kitabu chenye funzo ambalo kila nahodha wa Kafutuma angelikubali bila ya kukisoma: kazi iliyokwisha chelewa, ukiiongezea watu, huchelewa zaidi, kwa kuwa wageni hawana budi kuelezwa mambo na wale wale walio na haraka.

Katika Afrika Mashariki yenyewe mifano ipo. Mwaka 2012 kundi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, lilibuni Winsenga, ambayo huunganisha simu na kile chombo cha mkunga kinachofanana na pembe, ili kusikiliza moyo wa mtoto aliye tumboni. Miongoni mwa vijana wa chuo hicho hicho kikatoka Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila ya kutoa damu, ambacho Brian Gitta alipewa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2018. Kwa sisi tuliolala Nchelenge, ambako malaria haimwachi raia wala askari, habari hiyo si ya gazetini tu. Pamoja na hayo tukubali kwamba tuzo si kipimo cha mafunzo. Vitu vingi vya aina hii hung'aa jukwaani, kisha safari kutoka jukwaani hadi zahanati huwa ndefu.

Sasa tuutazame udhaifu wa mafunzo ya makundi, maana wanaoyapinga hawana makosa yote. Tulipokuwa maafisa wanafunzi tuligawanywa katika vikundi vya watu wanane na kuagizwa kuandaa mpango wa kuvuka mto. Wawili wetu waliokuwa hodari waliuandika mpango wote usiku kucha. Sisi sita tuliosalia tulilala, na asubuhi tukatia sahihi. Tulipata alama nzuri. Siku ya zoezi lenyewe mmoja wa wale wawili alishikwa na homa, na ikadhihirika kwamba miongoni mwetu hapana aliyejua kwa nini tulichagua kivuko kile na tukakiacha kile cha juu. Tulisimama ukingoni kama mbuzi mbele ya mvua.

Hayo ndiyo yanayotokea vyuoni pia. Kundi la watano, mmoja anaandika programu, wanne wanaandika majina yao juu ya jalada. Dawa yake si kulivunja kundi. Dawa ni mwalimu kudai daftari la kila siku linaloonyesha nani alibadilisha nini na kwa sababu gani, jambo ambalo kompyuta za leo hulihifadhi zenyewe. Kuwabadilisha zamu, ili aliyeongoza mwezi huu awe mkaguzi wa makosa mwezi ujao. Na kumsimamisha yeyote, bila ya kumpa taarifa, aieleze sehemu iliyoandikwa na mwenzake. Alama za kundi ziwepo, na za mtu mmoja mmoja ziwepo. Sisi tungeongeza adhabu moja ya kijeshi: katikati ya muhula mwanafunzi mmoja ahamishwe kutoka kundi hili hadi jingine. Tumewahi kuona ghala ambalo hesabu zake ziliwekwa katika programu aliyoiandika koplo mmoja mwenye akili sana. Koplo alipopata uhamisho, ghala lilirudi kwenye leja ya karatasi kwa muda wa wiki tatu.

Jambo la mwisho ni mwenye kutumia programu. Mwaka 2017 watu wengi waliokimbia mapigano nchini Kongo waliingia Nchelenge, wakapokewa katika kituo cha Kenani, na mwaka uliofuata yakafunguliwa makazi ya Mantapala. Wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Tuwaze mwanafunzi aliyeagizwa kuandika programu ya kuandikisha watu kama hao, naye ameketi peke yake mjini. Atajuaje kwamba jina linaloandikwa Chibwe upande huu huandikwa Tshibwe upande wa pili? Ziwa lenyewe huku ni Mweru, kule ni Moero. Programu isiyolijua hilo itamfanya mama mmoja kuwa watu wawili, au itamkosa mtoto wake katika orodha, na polisi aliye mlangoni ndiye atakayelaumiwa. Wanafunzi watano wakisimama asubuhi moja penye foleni, mmoja akiuliza kwa Kibemba, mwingine kwa Kiswahili, mwingine akiandika, watalijua kabla ya saa sita.

Kwa hiyo twapendekeza vyuo viwalete vijana wao huku, na pa kuanzia pasiwe pakubwa. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na vyombo huvutwa juu ya mchanga. Huo ndio wakati nahodha ana nafasi ya kuzungumza na mgeni, na vyombo vyaweza kuhesabiwa kimoja kimoja. Orodha ya vyombo, wenye vyombo na mialo yao, iliyo rahisi kutumiwa na ofisa wa uvuvi na konstebo wa doria katika simu ya kawaida, ni kazi inayolitosha kundi la watu watano kwa muhula mmoja. Waje na daftari, na wasiandike hata mstari mmoja wa programu kabla ya kumaliza siku tatu mwaloni.